Unga Unaofifia Ukikutana na Baruti

Benchi lao limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, hatua ishirini kutoka kisima cha mtaa. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa: Redio, mshona viatu asiyejua kunyamaza, Kinyozi mwenyewe, kitana kimechomekwa nyweleni, na Fundi Bomba, aliyekichimba kile kisima kwa mikono yake. Fundi hakuwa na raha. Tangu machimbo ya mawe kule kilimani yaanze kulipua mwamba, maji yalikuwa yanaacha uchungu ulimini, na jana binti yake anayefanya kazi maabara alimpigia simu: “Baba, kesho nakuja kuyapima.”

— Anapima na nini? Redio aliuliza.

— Unga, akajibu Fundi. Kila chembe ina vitundu kama sifongo, ila macho hayavioni. Ukiumulika, unang'aa. Baruti ikijipenyeza kwenye vile vitundu, unafifia.

— Baruti! Kinyozi aliruka nusura amwage kahawa. Ndiyo maana tumbo langu linanguruma kila alfajiri!

— Tumbo lako ni ulafi, alisema Redio. Mimi nawaambia, mtu akinywa vikombe vitatu akawasha sigara, tunazika viatu tu!

— Na mabomba aliyotufungia Fundi? Kinyozi alidakia. Mizinga yote hiyo! Fungua koki jikoni, bati linapaa!

Fundi alicheka kwa shingo upande. Moyoni aliomba huo unga ung'ae tu, maana nusu ya mtaa ilikunywa kwa sababu yeye alisema, “Kunyweni, maji safi haya.”

Binti akafika, mkoba begani.

— Shikamooni.

— Marahaba! walijibu kwa pamoja, wakamfuata ndani ya kibanda cha kinyozi kama watoto wanaofuata ngoma.

Alishusha pazia kukawa giza. Akatoa vikaratasi viwili vilivyopakwa ule unga, akavimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Vyote viwili viliwaka kijani kibichi.

— Mama yangu! Kinyozi alinong'ona.

Kimoja akakichovya kwenye maji ya chupa. Kikaendelea kuwaka. Cha pili akakichovya kwenye maji ya kisima.

— Kinafifia! Redio alipiga kelele. Jamani, kinafifia!

— Tukiyachemsha je? Fundi aliuliza.

— Kuchemsha kunaua vijidudu, baba. Baruti inabaki. Hamtalipuka, ni chembe chache mno, lakini si za kunywa kila siku. Sampuli naipeleka maabara tupate uhakika. Hadi hapo, mtu asinywe.

Fundi alikitazama kile kikaratasi kilichozimika. Aibu ilimshika, halafu fahari ikaja ikaisukuma pembeni.

— Yaani mwanangu umekiona kitu ambacho mimi nimekinywa miezi minne nisikione!

Walitoka nje wanazungumza wote kwa mpigo. Redio alishaamua unga huo upelekwe baharini ukatafute mabomu ya vita vya zamani. Kinyozi alitaka upakwe kwenye kila kikombe duniani. Ndipo wakamkuta mama mmoja, mgeni aliyehamia mtaani wiki ile, amesimama na ndoo tupu.

— Nimewasikia, alisema. Sasa mimi nikateke wapi?

Fundi aliitazama ile ndoo.

— Una vikaratasi vingapi? Fundi alimuuliza binti.

— Thelathini na nane.

— Visima huku nimechimba kumi na kimoja, na vyote navijua. Twende!

Alikifunga kisima chake kwa mnyororo, ufunguo akautia mfukoni, wakaondoka wote watano kwa mwendo wa haraka, kahawa ikiachwa inapoa benchini. Kisima cha kwanza, karatasi ilizimika. Cha pili, ikazimika. Kinyozi aliacha utani. Cha tatu hivyo hivyo, na Fundi akaanza kutokwa jasho.

Cha nne kilikuwa nyuma ya gereji, upande wa pili wa kilima. Binti alijifunika tena koti kichwani apate giza, akawasha tochi. Fundi alipenyeza kichwa chake humo humo.

— Baba, tazama.

Karatasi iling'aa. Walihesabu hadi mia mbili, bado inang'aa.

Fundi alitoka chini ya koti macho yamelowa, akaipokea ndoo ya yule mama, akaiteremsha kisimani mwenyewe.