Shangazi wa Lenzi: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kukata Mng'aro

Tak. Ndiyo sauti niliyorudi nayo nyumbani siku yangu ya kwanza karakanani: lenzi ikiingia kwenye fremu bila kulazimishwa. Aliyeiingiza ni fundi mkuu wetu, ambaye sote, hata meneja, tunamwita Shangazi. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika duka hili la miwani.

Alianza kwa kufagia, akahamia kusugua lenzi kwa mkono, kisha akazimudu mashine tatu zilizopokezana, kila moja ikija na kitabu cha maelekezo ambacho hakukifungua. Amefundisha mafundi kumi na wawili. Mimi ni wa mwisho, na nilifika na stashahada yangu nikidhani najua. "Cheti weka kabatini, mwanangu," aliniambia. "Lenzi haijui kusoma."

Miwani ya jua ya polaraizi ndiyo iliyomjengea jina. Aliieleza kwa rula na nondo za dirisha zilizosimama wima. Mwanga wa jua, alisema, hutetema kila upande. Ukigonga lami iliyolowa au boneti ya gari, mng'aro unaorudi hutetema zaidi kwa kulala. Akailaza rula: ikakwama kwenye nondo. Akaisimamisha: ikapita. Utando ulio ndani ya lenzi hufanya vivyo hivyo, huzuia mtetemo uliolala na kupitisha uliosimama.

Wauzaji walimnung'unikia kwa sababu alitaja hasara kabla ya faida. Ni kweli macho hupumzika na dereva huiona barabara vizuri. Lakini bei yake iko juu, usiku haifai, na skrini nyingine huwa nyeusi ukizitazama kwa pembe fulani. Mzee mmoja alirudi akifoka kwamba miwani imemuulia simu. "Haijafa, baba," Shangazi akamjibu, "hebu igeuze." Simu ikafufuka, na mzee akanunua miwani nyingine, ya mkewe.

Meneja aliponiagiza niandike wasifu huu, alinipa jalada la Shangazi. Humo mna barua moja tu ya onyo, ya mwaka jana, na ndiyo inayonifanya niandike nikiwa nimeinamisha uso. Dereva wa basi la shule, mama wa makamo, alirudisha miwani iliyomuumiza kichwa wiki mbili. Shangazi aliivaa, akasimama mbele ya kaunta ya kioo inayong'aa, akafumba jicho moja, kisha la pili. Lenzi ya kushoto ilikata mng'aro. Ya kulia iliupitisha, kwa sababu ilikatwa ikiwa imegeuzwa robo duara. Lenzi hizo huja na alama mbili ndogo pembeni za kuonyesha lenzi ilazwe upande gani. Aliyekata alikisia kwa macho.

Aliyekata ni mimi.

Kwetu kila miwani ina karatasi ya kazi, na fundi aliyekata husaini. Siku ile, kwa haraka, sikusaini. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na kosa kama hilo lilitosha kunifukuzisha. Meneja alipoingia kuuliza ni kazi ya nani, Shangazi alichukua kalamu yangu, akasaini. "Uzee, bosi," alisema akicheka. Meneja hakucheka; barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, nikijifanya nafuta fremu.

Baadaye Shangazi aliniambia neno moja: "Alama." Hakulirudia tena. Nami nilinyamaza, hata wauzaji walipoanza kunong'ona kwamba macho yake yamechoka, hata kazi zote za polaraizi zilipoondolewa kwake zikaletwa kwangu. Nilizipokea. Watu walinipongeza, nikasema asante.

Shangazi, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa mizaha yako, na kwa kila mteja uliyemwambia ukweli kabla hajalipa. Nenda ukapumzike, afya iwe nawe, na wajukuu wakuchoshe kwa raha tu.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilimpa meneja barua ya kukiri, yenye jina langu. Onyo limeondolewa kwenye jalada lako. Barua yangu imo kwenye langu, na meneja ataamua juu ya kazi yangu baada ya sherehe ya kukuaga. Kisha nilimpigia simu yule dereva wa basi, nikamwambia ni nani aliyekata lenzi yake.