Malkia wa Mwezi Aliimba au Alikoroma?

Theluji ilianguka taratibu juu ya Barabara ya Western jijini Chicago, na basi letu lilikwenda kama limesinzia. Kwenye kiti cha mbele yangu, mzee aliyejitambulisha kuwa Orville alimwambia mama aliyeketi kando yake kwamba anakwenda baa fulani kucheza Malkia wa Mwezi, mashine ya mchezo wa kupigapiga gololi ya chuma isitumbukie shimoni, ya mwaka sabini na nane, kabla haijauzwa.

"Ile yenye taa za buluu?" mama akashtuka. "Nililehemu nyaya za mashine hizo kiwandani miaka mitatu! Naitwa Bernadine."

"Kumbe mwizi wangu ni wewe! Gololi zangu zote zilitumbukia shimo la kushoto, na sarafu zangu zikaliwa."

"Mikono yako ndiyo mizito, bwana. Usiisingizie mashine."

"Na ule mlio wa kompyuta je? Mashine za kabla yake zilikuwa na kengele za kweli. Yako ilikoroma."

"Iliimba. Wasichana wa zamu yetu tuliisikia hata usingizini."

Orville akafuta ukungu dirishani. Nilidhani ameshindwa, ingawa wabishi wa Chicago hawashindwi mapema hivyo.

"Marehemu mke wangu naye alisema inaimba," akasema polepole. "Tulibishana miaka thelathini. Leo nataka niisikilize vizuri."

Basi likasimama karibu na ile baa. Bernadine, aliyekuwa ameniambia tulipopanda kwamba anashuka mwisho wa njia, akafunga vifungo vya koti.

"Twende. Ukisikia inakoroma, kosa ni la masikio yako."

"Inakoroma, mama," akasema Orville, akampa mkono washuke.