Mwalimu Kokuberwa na Rafiki Aliyempata Mwaloni

Baba Paroko, ndugu, majirani na walimu waliofanya kazi na marehemu, mimi ni Rwehumbiza, kaka yake mkubwa, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, nami nasoma nikiwa bado sijaamini, kwa sababu Ijumaa jioni alinipigia simu akacheka na kusema, "Shikamoo kaka, kesho kutwa nakuja kula kwako, mwambie wifi asipike wali," na Jumamosi saa kumi alasiri hakuwepo tena duniani.

Bernadetta Kokuberwa Mutayoba alizaliwa tarehe 14 Mei 1981 Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mutayoba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1989 hadi 1995, sekondari akasomea Bukoba, na baada ya chuo cha ualimu akaajiriwa mwaka 2005 kufundisha hisabati katika sekondari moja ya Nyamagana.

Tarehe 19 Julai 2008 alifunga ndoa na Nathaniel Luhende wa hapa Misungwi, wakaishi Kirumba, Mwanza, wakajaliwa watoto wawili, Gladness mwaka 2010 na Masalu mwaka 2014.

Baada ya kujifungua Masalu alianza kuugua akili, akawa halali, anasikia sauti zikimtukana, akaogopa hata kumbeba mtoto wake, na tarehe 3 Agosti 2015 alitoka nyumbani peku hadi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akaketi katikati ya dagaa walioanikwa na Modesta Ng'washi, mama asiyemfahamu kabisa, na watu walipotaka kumtoa kwa fimbo Modesta alisimama mbele yao akasema, "Mwacheni, huyu ni mgeni wangu," akamnywesha uji, akakaa naye mpaka shemeji yetu alipompata.

Tulidhani yameishia hapo, kumbe wiki iliyofuata Modesta alikuja nyumbani kumjulia hali, akaja tena na tena, akawa anamsindikiza kliniki, na Kokuberwa, ambaye hata sisi ndugu zake alitujibu kwa shida, alijifunza kumwambia mapema, "Modesta, zile sauti zinarudi," ili wawahi hospitali kabla hali haijawa mbaya.

Alirudi darasani Januari 2018, na mzazi mmoja aliposimama kikaoni kusema mwanawe hawezi kufundishwa na kichaa, marehemu alimjibu kwa upole, "Ni kweli ninaumwa, mzazi wangu, na dawa ninameza kila siku, ukiona nimekosea hesabu niambie," na tangu siku hiyo wazazi wenye wagonjwa waliowaficha ndani wakaanza kumfuata kwa siri, naye akawapeleka kliniki, mmoja baada ya mwingine.

Miaka yote hiyo tuliogopa ugonjwa ule ungemchukua, lakini Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, akiwa mzima, dawa zake amemeza, alikuwa ufukweni Kirumba akimsaidia Modesta kuanua dagaa kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda, radi ikapiga, Modesta akaangushwa akainuka, dada yetu hakuinuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka kumi, mwalimu mkuu na walimu wenzake, na majirani wa Kirumba ambao tangu Jumamosi hawajatuacha peke yetu.

Yapo maneno tuliyoyasikia tangu juzi, kwamba radi ile ilitumwa, na kwamba aliyebaki hai ndiye wa kuulizwa, lakini familia ya Mutayoba na familia ya Luhende zinasema kwa sauti moja kwamba maneno hayo yaishe leo, mbele ya jeneza hili.

Dada Modesta, nimekuona umesimama kule nyuma karibu na geti, tafadhali njoo ukae hapa mbele na watoto, wewe ni mfiwa.

Nawe Kokuberwa, mdogo wangu, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.