Daraja la Hajji Mitwali na Kashata za Maulidi

Benchi letu limeegemea ukuta wa mkahawa wa Zizo, hapa Tanta, kwenye uchochoro unaotokea soko la kashata. Maulidi yakikaribia uchochoro mzima hunukia sukari na ufuta, na hakuna anayefanya kazi ya maana. Wakaaji wa benchi ni wale wale. Yupo Mwalimu Fikri, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na ambaye hajui kusema "sijui". Yupo Shauki fundi bomba, tunayemwita Mhandisi, kwa sababu hapa kwetu kila mwenye spana ni mhandisi. Mimi wananiita Gazeti, maana husoma kila karatasi inayofungiwa mbegu. Alasiri ile Hajji Mitwali, mshona suti anayekaa ghorofa ya juu hapo mkabala, alishuka kajishika shavu, akakaa bila salamu.

Hajji: Jamani, daraja linacheza.

Mhandisi: Lipi? La reli?

Hajji: La mdomoni, we Shauki! Hapa kushoto. Jino moja la bandia lipo katikati, meno yangu mawili yamelishikilia huku na huku. Nikilisukuma kwa ulimi, linajibu.

Mwalimu: Linajibu nini?

Hajji: Linatikisika, Mwalimu! Na wakwe wanakuja leo baada ya Magharibi.

Hapo tukaelewa. Binti yake Nagiya ameposwa, na Maulidi yakifika mchumba huleta sanduku la kashata kwa kina binti. Balaa ni kwamba kina kijana ndio wapishi wenyewe wa kashata. Babu yao, Mzee Shinnawi, siku ya kusoma Fatiha ya posa hakuja, sukari ilikuwa motoni. Leo anakuja mwenyewe, na kwao mkubwa wa familia huvunja kipande cha kashata ya dengu, ile ngumu kuliko zote, akamlisha baba wa binti kwa mkono wake. Kuikataa ni kumtukana mtu kazi yake. Posa zimevunjika kwa dogo kuliko hilo.

Hajji: Nikila, daraja linatoka mbele za watu. Nisipokula, mwanangu analia chumbani mwaka mzima. Niambieni ukweli, kitu hiki hudumu kiasi gani?

Mwalimu: Madaraja ya Waingereza yamedumu miaka na miaka.

Mhandisi: Hayakuwa yanatafuna kashata hayo!

Mwalimu: Yalipitisha treni, bwana. Kashata na treni, kipi kizito?

Hajji: Msinichanganye! Gazeti, wewe husemi?

Nikasema nilisoma mahali kwamba linaweza kufika miaka kumi, hata zaidi, mradi ulitunze.

Hajji: Nilitunze vipi?

Nikamwambia sijui, maana ule ukurasa wa pili ulikuwa umeshafungiwa mbegu za maboga za mteja mwingine.

Mhandisi: Sikia kifundi basi. Hicho ni kiungo cha bomba. Kiungo hakisuguliwi, kinaachwa kishike uchafu, uchafu ndio unaoziba. Wewe umekuwa ukilipiga mswaki?

Hajji: Asubuhi na jioni.

Mhandisi: Umeliua mwenyewe! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwalimu: Methali hiyo haihusu meno.

Mhandisi: Inahusu shimo. Jino halina shimo?

Mwalimu: Tatizo ni hali ya hewa. Chai ya moto, daraja linatanuka. Maji baridi, linasinyaa. Lazima lipumzishwe. Kila Ijumaa utafunie kulia tu.

Hajji: Kulia sina kitu, Mwalimu.

Mwalimu: Basi Ijumaa ufunge.

Hajji: Si wanasema kufunga Ijumaa peke yake ni makuruhu?

Mwalimu: Ongeza Alhamisi.

Mhandisi: Acha zako! Hajji, nisikilize mimi. Yale meno mawili yanayobeba ni ndugu wawili wanaomlea mama. Kila mmoja anamtegea mwenzake, ndiyo maana mama anayumba. Ling'oe la nyuma. La mbele likijua liko peke yake litakaza.

Hajji: Likibaki moja, daraja litashikwa na nini upande wa pili?

Mhandisi: Na aibu.

Zizo, aliyekuwa akikusanya vikombe, naye akaona asipitwe.

Zizo: Mashapo ya kahawa yangu, Hajji! Jaza hapo, bana meno, subiri. Kuna kikombe jikoni kimegandana na kisahani chake tangu Ramadhani.

Mwalimu: Hata likitoka usihuzunike. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi.

Hajji: Maana yake?

Mwalimu: Taya litapata wepesi.

Kufikia hapo mimi mwenyewe sikujua tena kama daraja hupigwa mswaki au hupigwa marufuku. Hajji Mitwali akainua macho kwenye roshani yake, Nagiya alikuwa akikung'uta kitambaa kipya cha meza huku akiimba. Machozi yakamlengalenga mzee wa watu. Nilimwonea huruma, na hasira ikanishika juu yetu sisi.

Mwisho wa benchi alikaa mzee mmoja mwembamba, mgeni, kanzu yake ya kahawia, kikombe mkononi. Tulidhani ni wale wanaokuja mjini kuzuru kaburi la walii. Akakohoa.

Mgeni: Samahani, wazee wangu. Kule chini yake huwa unasafisha na nini?

Hajji: Chini ya nini?

Mgeni: Ya daraja. Pale kati ya jino la bandia na fizi. Chakula hujificha pale.

Mwalimu, aliyewafundisha watoto wa Tanta madaraja yote ya mto Nili, aliinama akachungulia mdomoni mwa Hajji.

Mhandisi: Kumbe kuna chini?

Mgeni: Kuna uzi wake. Ncha ngumu, unaipenyeza taratibu, unasugua kila siku kabla ya kulala. Mimi niliambiwa nikapuuza. Na daraja langu halikuwa na kosa lolote, wazee. Yaliyooza ni meno yaliyolibeba. Likaenda nayo, na mengine yakafuata.

Akaweka leso mdomoni, akatoa meno yake yote, ya juu na ya chini, akatuonyesha, akayarudisha kwa heshima.

Hajji: Pole, baba yangu. Sasa Maulidi kama haya kashata unakulaje?

Mgeni: Sili. Napika tu.

Hajji Mitwali akamgeukia mzima mzima.

Hajji: Wewe... ni nani?

Mgeni: Shinnawi. Babu yake mkweo. Nimewahi makusudi, niulize majirani kama baba wa binti ni mtu wa kulazimisha. Kwetu nikishakulisha kipande, nawe unanilisha changu. Tangu jana usingizi sina.

Hajji Mitwali alicheka mpaka akashika shavu kwa maumivu, akamvuta mzee yule kifuani, wakabaki hivyo wakipigapigana mgongoni. Sisi tukapiga makofi. Tukajiona tumeiokoa ndoa kwa hekima zetu.

Mzee Shinnawi akajifuta macho. Akatoa kifurushi mfukoni, akakifungua mezani. Kashata ya dengu, nene, inang'aa. Aliigonga kwa kidole, ikalia.

Shinnawi: Lakini vipande hivi viwili lazima viliwe, kina mama watakuwa wanatazama. Watu wazima wawili waje kwa niaba yetu, tuseme ni wajomba. Haya, wataalamu. Nani hapa ana meno yake?

Mhandisi akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara. Zizo akasema kahawa imekwisha. Mwalimu Fikri akaanza kusoma kibao cha duka la jirani, herufi moja moja. Mimi nikafunua gazeti, nikajifunika nalo mpaka puani.

Shinnawi: Hata mmoja?