Mbao za Baba Bado Zinakunywa

Kijiwe chetu hakina benchi. Kina rundo la mbao nane za mninga kwenye baraza ya karakana ya kaka yangu, zimepangwa moja juu ya nyingine, vijiti katikati ili hewa ipite. Baba alizipasua mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, kule kwetu kukavu. Huku tulikohamia, shati lililoanikwa asubuhi jioni bado bichi. Wiki ya kwanza kaka alichukua ubao wa tisa akatengeneza droo. Ikavimba, ikakwama, na picha zetu zote zimo ndani. Hapo akaapa kutozigusa zilizobaki mpaka ziizoee hewa, akawaomba wanakijiwe wazikalie zisipinde. Zinatosha kitanda kimoja tu, cha mama, bila ubao wa akiba. Na mama anaingia leo. Alikubali kuhama kwa sharti moja: alale juu ya mbao za mumewe, la sivyo anarudi alikotoka.

— Wiki ya saba hii, fundi, alianza Breki, dereva mstaafu, akipuliza kahawa. Hata mimba ina mwisho.

— Ya wiki saba? alisema kaka, akiendelea kunoa patasi. Hiyo hata tumbo bado.

— Zipandishe juu ya bati. Jua la siku mbili tu, maji yanatoka yanakimbia.

— Zitapasuka.

Kinyozi akamsogeza Breki kwa kiwiko.

— Mbao ni kama nywele, bwana. Zinanyonya kwenye ncha. Paka ncha rangi, umemaliza kazi.

— Ncha nilizipaka siku ya kwanza, alisema kaka.

— Mnaona? Mimi ningekuwa fundi mkubwa sana.

Redio, mtengeneza simu ambaye hajawahi kuzimwa, alikuwa amesubiri zamu yake.

— Nyie mnahangaika na maji. Hizi zina upweke! Miaka kumi na tisa zinasikia sauti ya mzee mmoja mstaarabu. Leo zinamsikia Breki. Nani asingepinda?

— We mtoto, nitakushusha hapo.

— Zifunge kwenye nailoni, aliendelea Redio, zidhani bado ziko kwao. Siku ya kuzifungua, kitanda tayari. Hazina nafasi ya kushtuka.

— Na zikija kushtuka mama wa watu amelala juu? aliuliza Kinyozi.

Breki akasema yeye aliwahi kubeba mbao kumi na tatu kwenye lori, zikasinyaa njiani mpaka akafika na kumi na moja.

— Hizo hazikusinyaa, Breki, alisema Kinyozi. Uliziuza.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Breki peke yake hakucheka.

— Fundi, utani pembeni. Mama akikuta rundo, anageuza. Piga kitanda leo leo. Kikivimba utarekebisha.

Kaka akaweka patasi chini.

— Akigeuza nitamfuata, nitamwomba tena. Mbao nyingine nitanunua, Breki. Hizi aliyezipasua hayupo. Siziharakishi.

Teksi ikasimama mbele ya baraza. Alikuwa mama, saa mbili kabla ya muda aliotuambia. Wote wakainuka kumpokea.

— Kaeni, kaeni, zitapinda hizo! alisema, akijikongoja na fimbo yake. Kitanda changu kiko wapi?

— Ndicho hicho walichokikalia, mama, alisema kaka. Bado.

Kila mmoja akamweleza lake: bati, ncha, nailoni, upweke. Mama aliwasikiliza mpaka wa mwisho, kiganja chake kikipita juu ya ubao taratibu.

— Sawa, wanangu. Ubao mmoja leo una kilo ngapi?

Wote wakainama kuutazama ubao.

— Wiki iliyopita je?

Kaka akanitazama. Mimi ninayetunza tarehe ya kila kitu cha nyumba yetu, hilo sikulijua.

— Baba yenu alikuwa na ubao mmoja anaoupima kila Jumamosi. Ukizidi, bado unakunywa. Ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, ndipo anashika randa. Nyie wiki saba mnapima kwa mdomo?

Redio alishavuka barabara kuazima mizani ya muuza mchele. Kaka na Kinyozi wakautoa ubao wa juu, wakauning'iniza. Kilo kumi na tatu na robo.

Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani.

— Mama, uliniambia nisubiri. Tunarudi stendi?

Kaka akamgeukia mama. Mama alikuwa bado ameikazia macho mizani.

— Shusha mzigo, baba. Wiki tatu hizi siwezi kuwaachia watu hawa.

Kisha akanigeukia.

— Una kalamu? Andika pale kwenye ncha. Jumamosi, kumi na tatu na robo. Tarehe iandike vizuri, isomeke. Nanyi rudisheni ubao wangu, kila mtu akae mahali pake.