Sekunde Nne za Nakuja

Benchi la nje ya kinyozi ni la watu wanne. Siku hizi wanakaa watatu, na hakuna anayejitanua kuziba pengo. Jioni hiyo Fundi Sauti alikuwa na kompyuta mapajani, kahawa ikipoa pembeni. Yeye na marehemu Nakuja ndio walioijenga ile programu ya kurekodi muziki inayokubali kompyuta za kila aina, na kila aina ina kipande chake cha msimbo cha kuongea na maiki. Kipande kikongwe, cha kompyuta za zamani, alikiandika Nakuja. Miezi michache kabla hajafa aliongeza humo mstari mmoja: mtu akibonyeza kurekodi, subiri sekunde nne. Juu yake akaandika: “Usiondoe, kuna sababu.” Sasa watumiaji wanalalamika, toleo jipya linatoka leo, na kidole cha Fundi kimegoma kufuta. Alimpenda yule bwana, basi tu.

— Futa, akasema Besi, mpiga gitaa zito mstaafu. Chanda chema huvikwa pete.

— Pete imeingiaje hapa? akauliza Fundi.

— Itaingia tu, we subiri.

Profesa, kinyozi mwenye jibu la kila kitu, akaweka mkasi chini.

— Mashine za zamani zina baridi. Lazima zipashe moto kwanza.

— Kompyuta si pasi, Profesa! akasema Fundi.

— Haya, basi ni pumzi ya mwimbaji. Au alificha ujumbe humo. Sekunde nne, watu wanne. Sisi!

— Ebo! Besi akaruka. Kumbe ni wosia! Ukifuta, programu nzima inalala. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Wakacheka, halafu kicheko kikawaishia njiani. Wote walikumbuka yale yale: Nakuja akipigiwa simu, “Nakuja, nakuja,” na asifike mpaka kahawa imefika nusu chupa. Jina lenyewe walimpa kwa uchelewaji huo.

— Angekuwepo ningemuuliza, akasema Fundi. Miaka kumi na tatu tumeandika pamoja, mstari mmoja unanishinda. Naona aibu.

Hapo akatokea mjane wa Nakuja, ameshika vipokea sauti vya masikioni vya marehemu. Tangu msiba hakuwahi kusimama pale.

— Nimemletea Fundi hivi. Mnabishania nini?

— Karibu, shemeji. Zile sekunde nne za mumeo, akasema Fundi.

Mjane akatabasamu kidogo.

— Ah, zile. Kompyuta yake kongwe ilikuwa mlangoni, kinanda dirishani. Goti lilikuwa limemkataa. Akibonyeza, anashika ukuta, anajikokota mpaka kwenye kiti cha kinanda. Tulihesabu pamoja. Alisema msiambiwe, mtamhurumia.

Fundi akautazama tena ule mstari.

— Lakini mlikaa naye hapa kila siku, akaendelea, bila ukali. Wa mwisho kuja, wa mwisho kuondoka. Hata siku moja hamkujiuliza kwa nini alikuwa hainuki mpaka nyie muondoke?

Profesa akainamisha chupa ya kahawa. Haikutoka kitu. Besi akavikusanya vikombe.

Fundi akafunga kompyuta, mstari ukiwa palepale. Akajisogeza pembeni, nafasi ya nne, ile ya Nakuja, ikapanuka.

— Kaa, shemeji, akasema. Tafadhali, kaa.