Kikombe Kina Uso

Marehemu Mzee Gensaku Utsumi alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 mjini Hagi, mkoa wa Yamaguchi, mtoto wa tatu wa fundi seremala. Alisoma hukohuko Hagi hadi mwaka 1953, kisha akaingia kwenye karakana ya mjomba wake kujifunza ufinyanzi, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Maneno hakuwa nayo mengi tangu utotoni.

Mwaka 1963 alimwoa Bi. Kinue. Siku ya kuposa alimpelekea vikombe viwili, kikubwa na kidogo, vya rangi moja, akaviweka mbele yake.

"Nikamwambia, 'Sasa si useme?'" Mama Kinue husimulia. "Akanijibu, 'Nimeshasema.'"

Walijaliwa binti mmoja, Chizuru, aliyezaliwa mwaka 1966.

Mwaka 1991 Chizuru aliolewa na mimi ninayesoma haya, Yasuhiro Kuwata, muuza bakuli za plastiki. Mfinyanzi mzima kupata mkwe wa plastiki! Marehemu hakugomba, na heri angegomba. Kwake kila kikombe kilikuwa na uso, upande ule ambao moto wa tanuru umeipendezesha rangi kuliko pengine, na mgeni hupewa chai uso ukimwelekea. Mimi nilipewa mgongo. Mwaka baada ya mwaka, kwa adabu zote, kwa mikono miwili, mgongo. Niliumia sana, wala sikuwa na pa kulalamikia, maana chai nilipewa.

Mwaka 2017 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, akaacha kazi. Oktoba mwaka huu wa 2019 alilazwa hospitali. Siku moja mimi na Mama tulimkuta ameshika kikombe cha chai cha wodini, cha plastiki. Alikigeuza kwa mkono wa kushoto, akakigeuza tena, akikikagua kana kwamba ndiyo kwanza kimetoka tanuruni.

"Babu, chai imepoa?" muuguzi akauliza.

Aliendelea kukigeuza. Alipoona mahali palipofifia vizuri kwa kuoshwa sana, alikisogeza kwangu, upande huo ukinitazama.

Mama akanipiga kiwiko. "Kunywa wewe, kabla hajaghairi!"

Nilikunywa huku machozi yananitoka. Sijawahi kutua mzigo mzito kama ule.

Alifariki usingizini asubuhi ya tarehe 9 Novemba. Ameacha mjane, Bi. Kinue, binti yake, Chizuru, wajukuu wawili, Nozomi na Keigo, na mkwe mmoja.

Baba, chai ilikuwa tamu. Pumzika kwa amani.